Hatuombei, Lakini

Kwa miaka miwili nilifundisha Kiingereza kila Jumapili alasiri kwenye sebule ya nyumba tuliyokuwa tukiishi wanawake wanane, Al Nahda, ghorofa ya kumi na moja. Naiita sebule kwa heshima tu. Nusu yake ilikuwa imekatwa kwa pazia, na nyuma ya pazia walilala wawili wa zamu ya usiku, kwa hiyo darasa liliendeshwa kwa minong'ono kama kikao cha wezi. Dirishani ilionekana barabara ya kwenda Sharjah na foleni yake, ambayo sijawahi kuiona imekwisha.

Kabla ya kuja huku Uarabuni nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Nyandarua. Hapa nakaa mapokezi kwenye kliniki moja ya Oud Metha. Naandika majina ya wagonjwa, nawaelekeza kwa daktari, nawaambia wasubiri. Kazi hiyo hainichoshi wala hainifurahishi. Lililonifurahisha ni darasa, ingawa sikumwambia mtu. Napenda neno likae mahali pake na lifanye kazi yake, na mtu anayezungukazunguka kabla ya kusema jambo hunichosha mapema sana.

Darasa lilikuwa na mkebe wa biskuti uliokwisha biskuti zamani. Kila mwanafunzi aliandika kwenye kikaratasi neno la Kiingereza lililomshinda kazini wiki hiyo, akakikunja na kukitumbukiza humo. Nami nachomoa kimoja bila kuangalia, nalieleza neno, tunalitumia mpaka wote walizoee. Nilijiwekea sharti kwamba neno likishatoka kwenye mkebe silikatai, liwe gumu namna gani. Nilijivunia sharti hilo kuliko ilivyostahili.

Wanafunzi walikuwa watano, lakini habari hii inawahusu watatu. Mmoja alikuwa mama wa Kitui, wa makamo, msafishaji kwenye jengo la ofisi. Alikuwa amewaacha mapacha wake wa kike kwa mama yake mzazi wakiwa darasa la pili, na sasa walikuwa wanakaribia sekondari. Alikuwa ameapa kukaa huku mpaka wamalize masomo. Wa pili alikuwa msichana wa Uganda, msusi kwenye saluni ya Al Rigga. Wa tatu tulimwita Bibi, Mzanzibari wa ghorofa ya chini aliyekuja na mume wake kabla majengo mengi ya hapa hayajachimbiwa msingi. Bibi alikuwa na Kiarabu na Kiunguja chake safi, na Kiingereza hakuwa nacho kabisa. Wajukuu wake nao hawakuwa na lugha nyingine ila hicho. Alikuja darasani ili apate kuwagombeza.

Jumapili moja nikachomoa kikaratasi cha msusi. Alikuwa ameandika "hypothetical", na herufi zote zilikuwa sahihi isipokuwa moja. Alilipata kwa mteja aliyezungumza na wakili wake kwa simu tangu msuko wa kwanza hadi wa mwisho.

Nilianza kwa kosa la walimu wote. Niliwaambia maana yake ni dhahania. Wakanitazama. Nilikuwa nimechukua neno gumu la Kiingereza nikaliweka kando ya neno gumu la Kiswahili, na hakuna aliyetoka na kitu.

"Ni jambo ambalo halijatokea," nikaanza upya. "Tunalizungumza tu, ili tuone tungefanya nini kama lingetokea."

"Kwa hiyo ni uongo," akasema msusi.

"Hapana. Mwongo anataka umwamini. Hapa sote tunajua halijatokea, mimi najua na wewe unajua."

Nilipendezwa na jibu langu. Nikaandika ubaoni mfano wa kwanza, nikamwelekea mama wa Kitui. "Tuseme umeshinda gari kwenye bahati nasibu. What would you do?"

"Amina!" akaitikia, viganja viwili hewani. "Napokea!"

"Usipokee. Jibu swali."

"Nishapokea, mwalimu. Wewe lete tu ufunguo."

Tulicheka mpaka mtu akakohoa nyuma ya pazia. Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Lakini neno lile halitumiki kwa magari ya bure peke yake. Walioajiriwa wanaulizwa moto ukizuka utafanyaje, mgeni akianguka utafanyaje, na nilitaka wawe tayari. Kwa hiyo nikamwelekezea kalamu ya ubao yeye yule.

"Tuseme kesho supervaiza anakuita ofisini, anakwambia khalas, kazi yako imeisha. What would you do?"

"Shindwe!" Alipiga meza kwa kiganja. "Shindwe kabisa!"

"Nimesema tuseme."

"Usiseme, mwalimu. Mambo kama hayo hayatamkwi juu ya mtu."

"Ni mfano tu."

"Basi huo mfano jitolee wewe mwenyewe."

Ningeweza. Ingenichukua nusu dakika kujitaja mimi, kliniki yangu na daktari wangu. Lakini nilikuwa nimeshika kalamu, na mwalimu mwenye kalamu mkononi hapendi kuongozwa na mwanafunzi. Nikalirudia swali lile lile kwa Kiingereza, polepole na kwa sauti ya juu kidogo, kana kwamba tatizo lake lilikuwa masikio. Bibi alikuwa akitikisa kichwa na kusema, "Yarabi toba, Yarabi toba." Nikadhani hajaelewa somo.

Mama wa Kitui akainuka. Akasema ameacha maharagwe jikoni, akaenda. Hakukuwa na maharagwe yoyote jikoni, wala hakurudi.

Wiki tatu baadaye kampuni yake ya usafi ilinyang'anywa mkataba wa lile jengo. Wafanyakazi ambao viza zao zilikuwa karibu kuisha waliambiwa hazitafanywa upya, na yeye alikuwa miongoni mwao. Alipewa mwezi mmoja. Ndani ya mwezi huo apate mwajiri mwingine, la sivyo arudi Kitui na mapacha hawajaingia hata kidato cha kwanza. Supervaiza alimwita ofisini, na kwa mujibu wa msusi, alimwambia khalas.

Najua sadfa ni nini. Mikataba inavunjika mji huu kila siku, na haingoji mwalimu wa Jumapili aitaje. Nilijiambia hivyo nikiwa napiga mswaki, nikajiambia tena ndani ya basi, na bado nilipoingia nyumbani mazungumzo yalikatika. Hakuna aliyenishutumu. Walinisalimu, walinigawia chapati, walinipisha bafuni. Ila mkebe wa biskuti ulibaki mtupu Jumapili hiyo na iliyofuata. Siku moja msusi akaniomba kwa adabu zote, akiangalia sakafu, nisije nikaitaja saluni yao katika mfano wowote.

Nilikasirika. Niliwaona wajinga, nikaona aibu kwa kuwaona wajinga, kisha nikakasirika zaidi kwa sababu ya ile aibu. Nikaacha kuwauliza kuhusu darasa.

Mama wa Kitui mwenyewe hakubadilika kwangu sana, isipokuwa hakuniita tena mwalimu. Alianza kuniita dada.

Alipata intavyuu ya kwanza upesi, kwenye hoteli moja ya Al Rigga iliyokuwa ikitafuta wahudumu wa vyumba. Alikwenda na sare yake ya zamani imepigwa pasi, na vyeti ndani ya bahasha ya kaki. Jioni yake nilikuwa nimejilaza kitandani, mlango umeegeshwa, nikamsikia akiwasimulia wenzake jikoni.

Mahojiano yalianza vizuri, alisema. Alieleza namna ya kutandika, namna ya kusafisha kioo kisibaki na alama. Halafu yule sir, kijana mwenye kompyuta ndogo mapajani, akamwambia: tuseme umefungua chumba, umemkuta mgeni amelala sakafuni, hapumui, utafanyaje?

"Nikamwambia, God forbid, sir. Not in my room."

"Ukamwambia hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Akacheka kidogo. Akasema usijali, it's only hypothetical." Nilisikia kijiko kikiwekwa juu ya sinki. "Nikasikia mwili wote umekuwa baridi. Ndilo lile neno la mkebe. Limenifuata mpaka huko. Nikamwambia, Sir, I reject it, in Jesus' name."

Mle jikoni hakuna aliyecheka. Wangecheka nini, na kila mmoja wao angesema vivyo hivyo? Mimi ndiye niliyecheka, peke yangu, uso ndani ya mto. Nilimwona akilini yule kijana na kompyuta yake, hajui aandike nini. Kisha nikahesabu siku za mama wa Kitui zilizobaki na kicheko kikaniisha. Alikuwa amelikosa lile jambo la pili katika somo, kwamba ukiulizwa hivyo unatakiwa ujibu. Alilikosa kwa sababu mimi nilimfukuza darasani kabla hatujafika hapo.

Nilikwenda kwa Bibi siku ya pili. Nilijifanya nimepeleka sketi ipunguzwe, maana alikuwa akishona. Nikamsimulia yote, pamoja na niliyoyasikia ya jikoni. Nilimsimulia kwa namna ya kulalamika, kwamba watu hawa hawataki kufikiri jambo ambalo halijawafika.

Bibi alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja akazichomeka kwenye mto wake mdogo kabla ya kunijibu.

"Nani kakwambia hawataki? Wewe ndo umeingia kwa mtu bila ya hodi, mwanangu."

"Hodi ya nini, Bibi?"

"Jambo baya halisemwi kavu kavu vile. Unamnyooshea mtu kalamu, unamwambia kazi yako imekwisha! Unabisha kwanza. Unasema, hatuombei, Mungu apishe mbali, lakini ikitokea. Ndo unauliza. Hapo atakujibu mpaka uchoke wewe."

"Sasa si ni kitu kile kile?"

"Kama ni kitu kile kile, mbona yule kakukimbia?"

Nilikuwa nayajua maneno hayo. Nimekua nayo. Baba yangu aliposema habari za shamba alianza hivyo: hatuombei, lakini mimi nikiondoka, mpaka ni ule mti wa mwisho. Wanafunzi wangu wa Nyandarua waliyaandika kwenye insha, na mimi niliyakata kwa kalamu nyekundu, na pembeni nikaandika: nenda moja kwa moja. Niliyaona ni mapambo. Kumbe kazi yote ya neno lile la Kiingereza, ya kuuambia moyo kwamba hili halijatokea na hatutaki litokee, hebu tulitazame tu, ilikuwa inafanywa na hayo maneno mawili, na mimi ndiye niliyeyakata. Bibi alinipimia kiuno akaniambia nimekonda.

Niliporudi juu nilimkuta mama wa Kitui anachambua mchele. Nilisimama mlangoni. Kuomba radhi si fani yangu, kwa hiyo nilisema kwa mkato.

"Siku ile nilikosea. Sikupaswa kukutaja wewe."

Aliendelea kuchambua. "Yameisha, dada."

"Hayajaisha. Ukipata intavyuu nyingine watakuuliza tena. Wote wanauliza. Nataka nikufundishe kujibu."

"Kujibu mabaya?"

"Hatuombei," nikasema, na sauti yangu ikanishangaza, ilikuwa ya baba yangu kabisa. "Mungu apishe mbali. Lakini ikitokea umefungua chumba, na mgeni yuko chini, utafanya nini?"

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. Alifikiri kidogo tu, wala si sana.

"Kwanza simgusi," akasema. "Naacha mlango wazi, kabisa, nauwekea ndoo usijifunge. Napiga simu ya chumbani, nawaambia nambari ya chumba kabla ya kitu kingine, kwa sababu wakijua mahali wanaanza kukimbia. Halafu nakaa naye. Mtu haachwi peke yake sakafuni. Na wakija nasimama pembeni, nasema nilichoona, sisemi nilichodhani."

Nimefanya kazi kliniki miaka sita. Sijamsikia mtu akilijibu swali hilo vizuri hivyo, wakiwemo wenye vyeti ukutani.

Aliitwa kwenye intavyuu ya pili, ikiwa imebaki wiki moja na nusu hivi, kwenye hoteli ya Oud Metha, mitaa michache kutoka kliniki yetu. Hakukuwa na nyingine iliyoonekana. Tulifanya mazoezi kila jioni jikoni, yeye akisonga ugali na mimi nimekalia debe la mchele. Alikuwa na masharti yake. Nisimtaje yeye wala mapacha. Nisitumie neno kesho. Na neno la hodi liwe la kwanza kila mara, kwa lugha yoyote tutakayotumia. Tulijaribu "God forbid" akaikataa, akasema ukiisema hivyo peke yake ni kama unamfungia mtu mlango. Tukakubaliana aseme: "We don't pray for it, but if it happens." Nilijua hakuna kitabu cha Kiingereza kinachosema hivyo. Zamani ningeikata kwa nyekundu.

Nikamuuliza kuhusu moto. Kuhusu mtoto aliyepotea kwenye ngazi. Kuhusu mkufu uliopotea chumbani, mgeni akamnyooshea kidole msafishaji. Hilo alilijibu ametazama ukuta, na nikajua kwamba hilo halikuwa la kutunga. Kiingereza chake kilimtosha. Alikuwa nacho tangu mwanzo.

Jioni ya mwisho nikaridhika, nikataka kumaliza somo kwa kumpa moyo. Nikamwambia sasa ageuze, aniulize mimi, apate kuona kwamba neno halimdhuru mtu.

"Lolote?"

"Lolote."

Alipunguza moto kwanza. Akafuta mikono kwa leso.

"Hatuombei, mwalimu," akasema, na nilisikia kwamba nimekuwa mwalimu tena. "Mungu apishe mbali. Lakini ikija simu kutoka kwenu, uambiwe mama hayuko tena, na wewe hujamwona miaka sita. Utafanyaje?"

Mama yangu alikuwa na umri wa zaidi ya miaka sabini, na presha. Nilimpigia kila Ijumaa, na kila Ijumaa alimaliza mazungumzo kwa maneno yale yale, mimi ni mzima, fanya kazi. Na mimi nilifanya kazi. Likizo zangu nilizimalizia hapa hapa Al Nahda, nikilala na kufua mapazia. Kila mwaka kulikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa nzuri.

"Hilo nakataa," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Nilikuwa hata nimeinua kiganja.

Hakunicheka, na hilo namshukuru. "Umeona," akasema tu, akapakua ugali.

Siku ya intavyuu nilikuwa kaunta. Muda wa chakula cha mchana ulipita, saa nane ikapita, na mimi nikakosea majina ya wagonjwa wawili, jambo ambalo si la kawaida kwangu. Kama saa tisa hivi nikamwona ameingia na bahasha yake ya kaki. Sikuweza kumwita, madam wa ofisi, msimamizi wangu, alikuwa amesimama nyuma yangu. Alitazama huku na huku, akaona mashine ya foleni, akabonyeza akatoa nambari, akaketi katikati ya wagonjwa. Alisubiri zamu yake kama watu wengine. Nambari yake ilipoitwa alikuja akaweka kikaratasi mbele yangu.

"Nimejibu zote," akasema.

Safari hii aliyemhoji alikuwa madam wa Kiarabu, mtu mzima. Alimuuliza, ukimkuta mtoto mdogo kwenye hodhi la kuogea, maji yamejaa, hakuna mzazi, utafanyaje. Mama wa Kitui alishika kingo za kiti. Akasema, "Madam, we don't pray for it." Yule madam akafumba macho kidogo, akasema kwa lugha yake, "La samah Allah," ambayo Waarabu huisema wakitaja baya, Mungu asiruhusu. Halafu akafumbua macho, akasubiri, naye mama wa Kitui akamjibu mpaka mwisho.

"Kumbe nao wanabisha hodi," akaniambia kwenye kaunta. Nikamwambia ndiyo, wanabisha. Nikabonyeza nambari inayofuata, kwa sababu madam wa ofisi alikuwa bado nyuma yangu.

Simu ilikuja siku ya tatu. Alikuwa amesimama kwenye kochi akibadilisha balbu, akaipokea hapo hapo juu, akasema "yes madam" mara nyingi, kisha akakaa chini na balbu mkononi. Nyumba nzima ilipiga vigelegele, hata wale wa nyuma ya pazia. Mimi nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Jumapili iliyofuata mkebe ulikuwa na vikaratasi vitano, na kimoja kilikuwa cha Bibi, kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Hoteli ilimpa malazi na wenzake, kwa hiyo alihama. Nilimsaidia kubeba mfuko mmoja hadi kwenye lifti. Tulisimama tukingoja, na lifti za jengo letu zinachukua muda wake.

"Lile swali langu hukulijibu," akasema.

Nilifikiri nitamwambia tena nakataa. Lakini nilikuwa nimemfundisha jikoni kwa siku nyingi kwamba unasema ulichoona, husemi ulichodhani.

"Ningeomba ruhusa kazini," nikasema. "Ningepata siku chache. Ningetafuta ndege, ningefika Nairobi, ningepanda gari mpaka nyumbani. Ningekuta wameshazika."

Lifti ilifika. Aliingiza mifuko yake miwili, akaweka mguu ili mlango usijifunge.

"Hilo halijatokea, mwalimu," akasema. "Mimi najua na wewe unajua."

Jumatatu nilichukua fomu ya likizo kwenye droo ya ofisi. Nilijaza jina, nambari ya mfanyakazi, tarehe ya kuondoka na ya kurudi. Chini kulikuwa na mstari wa sababu, na mkono ulisita hapo, kwa sababu miaka yote nimeona wenzangu wakiandika pale msiba, au ugonjwa mkali. Nikaandika kwa Kiingereza cha darasa la kwanza: My mother is well.

Madam wa ofisi aliniita, fomu mkononi. Akaniuliza hii ni sababu gani.

Nikamwambia ndiyo hiyo.